Tunashukuru, ila tunamshukuru nani?

Ndugu Mhariri,

Naandika kujibu barua ambayo sijaisoma yote, msinicheke. Wiki iliyopita asubuhi nilinunua vitumbua kwa bi mkubwa mmoja anayepita hapa dukani kwangu Gungu, akanifungia kwenye gazeti lenu la zamani, la lini sijui maana penye tarehe palishalowa mafuta, nikawa nakula huku nasoma kama kawaida yangu. Ndo nikakutana na barua ya msomaji wenu analalamika kwamba sisi siku hizi hatuna shukrani, tunaamka na manung'uniko tunalala na manung'uniko, na kwamba mtu ajitahidi kila siku apate hata kitu kimoja cha kumpa moyo wa kushukuru. Akawa ndo anaanza kueleza yeye anafanyaje, gazeti likaishia hapo. Limechanwa. Jina lake na huo ufundi wake vimeenda kufungia vitumbua vya mtu mwingine.

Sasa mi nina ubishi kidogo na huyo ndugu.

Sio kweli kwamba hatushukuru. Njoo Kigoma hapa umsalimie mtu yeyote, habari za asubuhi, atakujibu tunashukuru. Mgonjwa anatoka kuchoma sindano, tunashukuru. Aliyeibiwa simu jana yake, tunashukuru Mungu. Mwenye nyumba kaja kudai kodi ya miezi mitatu, mpangaji anafungua mlango, vipi za hapa? Tunashukuru! Yani tunashukuru kutwa nzima mpaka neno lenyewe limechakaa kama noti ya elfu moja. Tatizo letu ni kwamba hatusemi tunamshukuru nani na kwa kipi.

Mi hili sikulijua mwenyewe, nilifundishwa na mteja tena mdaiwa, na ndo maana nimeona niandike.

Mnajua mwaka 2024 ziwa lilifungwa, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu hakuna kuvua Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane maana walishapungua. Mi siwezi kubishana na wataalamu, samaki walipungua kweli na kila mtu aliona. Ila ukae nyuma ya kaunta ya duka la mtaani uone miezi mitatu maana yake nini. Sisi huku duka linakwenda na mwezi wa mbinguni, mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaendi kwa sababu dagaa wanafuata taa na mbalamwezi inaharibu, kwa hiyo siku hizo daftari la mkopo linanenepa, mwezi ukifa wanarudi majini, usiku ukiangalia ziwani unaona taa utadhani kuna mji mwingine kule, na baada ya siku mbili tatu watu wanakuja kulipa. Tumezoea. Sasa hapo giza la mwezi likaja na taa hazionekani. Likaja la pili. Daftari langu lile kubwa la kurasa mia mbili lilijaa nikanunua lingine.

Kuna mama mmoja mume wake anavua Katonga, yeye mwenyewe huwa anaanika dagaa. Huyu alikuwa anakuja jioni jioni, kiza kikianza, anasubiri wateja wengine waondoke ndo anasogea. Unga wa muhogo kilo moja, chumvi, mawese nusu chupa, kiberiti. Niandikie. Namwandikia. Kuna siku alikuja na watu wamejaa, nikaona anazungukazunguka anajifanya anaangalia ndala, nikamfungia vitu vyake bila kumuuliza nikamkabidhi kama mtu aliyelipa asubuhi. Wala sikufikiria, nilikuwa nataka foleni ipungue nipumzike.

Ziwa likafunguliwa. Mwezi wa tisa huo akaja mchana kweupe na kindoo cha dagaa kichwani, wale dagaa wetu wa Kigoma wenyewe, wameanikwa vizuri hawana mchanga, na hela mkononi. Deni lilikuwa elfu sitini na nne, akatoa elfu arobaini. Haya, mi nikashika kalamu nipunguze, nikamwambia tunashukuru mama. Akaniambia subiri kwanza. Akaweka ndoo chini, akainama akaanza kupiga makofi taratibu ile salamu ya Kiha ya heshima, wenyewe mnaijua, haina haraka, na katikati ya makofi anataja. Asante kwa ule unga wa siku ya kwanza, nilikuja naogopa. Asante kwa mawese ya ile Jumapili, mwanangu alikuwa anaumwa akala. Asante kwa kiberiti. Kiberiti, Mhariri! Anataja kimoja kimoja, mi nimesimama na kalamu, nyuma yake kuna kijana wa boda anataka vocha anakuna kichwa. Halafu akasema, na asante kwa siku ile uliyonisitiri mbele za watu.

Nilikaa na hiyo siku nzima. Maana hilo la mwisho sikujua kama nimelifanya. Kwenye daftari langu halipo, mi niliandika unga na chumvi tu.

Ndo usiku wakati nafunga hesabu nikaligeuza daftari, nikafungua nyuma, nikaandika upande wa pili: watu wanaonidai mimi. Sio hela, hela najua nani ananidai, muuza jumla wangu wa Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, haniachi nisahau. Nikaandika watu walionifanyia kitu sikuwahi kuwaambia neno, au niliwaambia asante ile ya mdomoni tu. Sheria yake nikajiwekea moja, kama sina jina na kitu chenyewe siandiki. "Nashukuru kwa uhai" haiingii humo, hiyo naisema kwenye sala, Mungu anaijua. Humu ni mtu, kitu na siku.

Nilidhani nitajaza mistari minne hivi. Nilikesha.

Niwape michache tu. Kijana wa bajaji aliyerudi kutoka Mwandiga kuniletea pochi niliyosahau, na mafuta kajaza kwa hela yake. Fundi wa maji aliyekuja saa nne usiku bomba la mtaa limepasuka, akachimba na tochi ya simu kaishika kwa meno. Dada wa benki, wa pale dirisha la mwisho, ambaye mwaka nilipofiwa na mume alinijazia zile fomu zote huku foleni inapiga kelele. Mwalimu wangu wa darasa la tatu. Na jirani yangu wa zamani tulipokuwa tumepanga Mwanga, huyu nitamsema baadaye.

Nikaandika na watu ambao siwezi kuwafikia tena. Mwaka 1998 nilipanda Liemba na marehemu mama tunaenda Kirando, na wasioijua hiyo meli niseme kidogo. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande mpaka Dar, ikapandishwa reli mpaka huku, ikaunganishwa hapahapa Kigoma, na vita ilipowazidi mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isichukuliwe. Ila mafundi kabla ya kuizamisha wakazipaka injini grisi nene. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, injini bado zinafaa, mwaka 1927 ikaanza kubeba watu kwa jina la Liemba, na mimi miaka sabini na kitu baadaye nimekaa juu yake nakula migebuka na mama. Fundi mkuu aliitwa Anton Rüter, hilo najua kwa sababu imeandikwa sana. Basi nimemwandika, Rüter na wenzake, grisi. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini, anasema mama unadaiwa na mkoloni. Nikamwambia sijamshukuru kwa ukoloni, nimeshukuru kwa grisi, ndo maana ya kuandika kitu chenyewe.

Na safari hiyohiyo, vijiji vingi vya pwani ya ziwa havina gati, meli inasimama majini mitumbwi inakuja kuizunguka, watu wanarushiwa mizigo, makelele, kuku, magunia, na tuliposhuka mama yangu alitaka kudondoka katikati ya meli na mtumbwi, mkono wa mtu ukamdaka mgongoni. Hata sura sikumwona. Huyo nimemwandika "mkono, Kirando", nimevunja sheria yangu mwenyewe, ila ningefanyaje.

Nikaanza kulipa sasa. Hapa ndo kwenye kichekesho.

Nilianza na mwalimu, mstaafu, anaishi Ujiji karibu na kule kwenye mwembe wa Livingstone. Nikabeba kilo mbili za sukari nikaenda. Shikamoo mwalimu. Marahaba mwanangu, karibu, kaa. Nikamweleza, mwalimu nimekuja kukushukuru, ulinifundisha hesabu kwa visoda, wenzangu wote walikuwa wananicheka sijui kukopa kwenye kutoa, ukanibakisha mchana wiki nzima na mfuko wako wa visoda mpaka nikaelewa, na leo mimi nina duka na hakuna mtu anayeweza kunipunja chenji. Akaitikia kwa kichwa, nimesikia, nimesikia. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, haya, shida ni nini? Nikasema hamna shida mwalimu. Akasema usione haya, sema tu, mtoto anataka shule? Hamna mwalimu, nimekuja kushukuru. Mke wake akatoka ndani na yeye akakaa kusikiliza shida. Tukakaa hivyo sote watatu tunaisubiri shida. Mwisho akanambia kwa ukweli kabisa, mwanangu mimi sikukumbuki.

Nilitoka pale nimeaibika, nikasema sirudii tena mchezo huu. Baada ya siku mbili mke wake akanipigia, anasema mzee hajalala vizuri kwa furaha, kwenye kijiwe cha kahawa kila anayekuja anahadithiwa visoda, na kwamba ameanza kutafuta tena visoda kwa ajili ya mjukuu.

Binti yangu anasoma ualimu Dodoma, nilivyomhadithia akanambia mama hayo mambo yameshafanyiwa utafiti. Kuna maprofesa wawili Marekani, Emmons na McCullough, mwaka 2003 walitoa utafiti wao, walichukua wanafunzi wakawaambia kundi moja liandike kila wiki mambo mpaka matano wanayoyashukuru, kundi lingine liandike kero, wiki kumi, na wale wa shukrani wakaonekana wanayaona maisha yao vizuri zaidi. Na wengine wawili, Kumar na Epley, mwaka 2018 walikuta kwamba mtu anayetaka kuandika barua ya shukrani anadhani mwenzake ataona ajabu, atajisikia vibaya, kumbe mwenzake anafurahi kuliko alivyokadiriwa. Nikasema hao wangekuja Ujiji kwa mwalimu wangu wangemaliza kazi mapema. Ila kweli ilinipa nguvu, nikaendelea.

Yule dada wa benki alilia. Fundi wa maji akaniuliza kama naweza kumwandikia hayo maneno kwenye karatasi ampelekee bosi wake, nikamwandikia na mhuri wa duka nikapiga. Kijana wa bajaji hakujua aniangalie wapi, akanambia poa mama, akaondoka mbio, ila sasa hivi akipita anapiga honi mbili.

Jirani yangu wa Mwanga sikumuwahi. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa mimi nililazwa wiki mbili, homa kali, sijitambui, na huyo jirani alikuwa na mtoto wa miezi mitano, akawa ananyonyesha wote wawili, wake huku na wangu huku. Nilivyotoka hospitali nilimwambia asante, akasema acha hizo, tukaanza kuongea habari nyingine, na miaka ikapita, wao wakahamia Kasulu. Jina lake lilikuwa la pili kwenye daftari, la pili! Nikawa nasema Jumamosi hii nitaenda, Jumamosi ijayo, mzigo umeingia, dukani hakuna mtu, na nauli ya Kasulu sio kitu cha kushindwa. Taarifa ya msiba niliipata kwa wasapu. Nilienda, nikakaa na wanawake tunachambua mchele, nikamtafuta yule binti yake aliyenyonya na mwanangu, mtu mzima sasa ana watoto wake, nikamweleza. Alikuwa hajawahi kuambiwa na mama yake. Aliendelea kuchambua mchele kimya, halafu akanambia rudia tena mama, anza mwanzo.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema tenda wema nenda zako, mi nasema hiyo methali wameielewa nusu. Hiyo ni ya aliyetenda, asisimame kungoja. Aliyetendewa hajaambiwa aende zake! Na wazee wetu wa Ujiji tangu madrasa wanatufundisha asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu, na wenzetu wa kanisani nao wana wale wakoma kumi waliopona akarudi mmoja. Tunayasikia haya tangu utoto, halafu tunarudi kwenye tunashukuru ya jumla jumla.

Niseme na lingine huyo ndugu wa gazetini asije akaniweka kundi lake bure. Kuna shukrani ya kuzibana midomo, hiyo mi siitaki. Sisi Kigoma tulikaa miaka na umeme wa majenereta ya dizeli, ulikuwa ukikatika samaki wanaoza kwenye friji, mtu akilalamika anaambiwa shukuru hata uko hai. Hapana. Mi namshukuru fundi aliyeshika tochi kwa meno na hapohapo nauliza kwa nini bomba lile linapasuka kila mvua zikianza. Vinakaa kinywa kimoja na havigombani. Na haya mabango ya tunamshukuru mheshimiwa fulani kwa kutuletea bomba, sawa, sina neno, ila hela ya bomba ni kodi yangu mimi na yule mama wa dagaa, na jina la aliyechimba mtaro kwenye jua la saa saba silioni kwenye bango lolote.

Unaniuliza moyo wa kushukuru kila siku naupata wapi? Nafungua duka saa kumi na moja alfajiri, najua saa hiyo kuna watu wanarudi kutoka majini wamelowa, nafanya usafi, namwuliza kila anayeingia jana ulisaidiwa na nani. Mwanzo waliniona nimechanganyikiwa. Siku hizi watoto wakitumwa chumvi wanakuja na jibu tayari, juzi mmoja kaniambia nilisaidiwa na mbwa, nikamwuliza mbwa gani, akamtaja jina, nikasema huyu ameelewa kuliko mimi.

Yule mama wa Katonga elfu ishirini na nne iliyobaki aliimaliza mwezi wa kumi na moja. Kindoo cha dagaa alikataa kisihesabiwe kwenye deni, na mi nikakataa kukichukua bure, tukavutana pale mpaka tukagawana nusu kwa nusu.

Sasa Mhariri, ombi langu. Huyo msomaji wenu wa gazeti lililochanwa, pamoja na ubishi wangu wote, ndiye aliyenifanya nishike kalamu, kwa hiyo nimeshamwandika kwenye daftari upande wa nyuma. Ila jina sina. Nimeandika tu "wa vitumbua" na naona haipendezi. Barua yake ilikuwa kulia juu, chini yake kuna tangazo la kiwanja. Kama mnamjua mpeni hii, na kama mna ile nusu iliyobaki nitumieni, nataka kujua yeye anafanyaje.

Mama wa duka la kona,
Gungu, Kigoma